Maji ya Kituo cha Sita

Kambini, Biharamulo
3 Novemba 2024

Mama Tecla,

Niliondoka nyumbani Jumatatu ya Pasaka, na leo ni Jumapili ya kwanza ya Novemba. Huu ni mwezi wa nane. Nimehesabu mara mbili nikidhani nimekosea, maana mgongo wangu unasema ni miaka miwili.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Hapa kambini mtandao hakuna mpaka upande kilima cha mawe, na nikipanda nampigia Danstan, naye mdogo wangu yule simu yake haina siri. Anaweka spika ili asichoke mkono, nyumba nzima inasikia. Mara ya mwisho nilipokuambia nimekukumbuka, aliyejibu ni mama. Kwa hiyo nitaandika. Gari la kambi likienda mjini, dereva atampa barua kondakta wa basi la Benako, nimeshaongea naye.

Umeniuliza kazi yangu hasa ni nini, kwa sababu huko wanasema nachimba dhahabu na kuwaficha. Dhahabu hapa iliisha kabla Tecla hajazaliwa. Mgodi umefungwa. Walisambaza udongo juu ya vilima vya mawe, wakapanda nyasi na miti, na ukipita leo unaona msitu tu na shimo moja kubwa lililojaa maji ndani ya uzio. Hata nguruwe pori wamerudi. Sisi tuliobaki tunalinda maji. Mvua ikinyesha, maji yanateremka vilimani, yanaingia kwenye mitaro, mitaro inayapeleka kwenye mabwawa ili tope litulie chini, halafu yanatoka kwenda kijitoni. Tunazibua mitaro, tunajaza mawe palipomomonyoka, na tunachota maji ya kupima. Kila kituo kina nguzo nyeupe yenye namba. Unasimama ukitazama maji yanakotoka, hutibui tope, unasuuza chupa kwa maji yaleyale, isipokuwa ile chupa nyeusi yenye dawa ndani. Hiyo ukiisuuza umeharibu, na Bi Sauda hakusamehi.

Bi Sauda ndiye mtaalamu wetu. Ni binti wa wenye maduka pale Biharamulo mjini, wale Waislamu ambao mababu zao walitoka pwani. Ni mdogo kwangu. Kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo mzee Gervasi," nikishaitikia marahaba ananituma matopeni.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita nilihamishiwa njia ya chini, yenye kituo cha sita, ambacho ni cha mwisho, nje ya uzio, upande wa Nyabusozi. Nikiwa pale niliinua kichwa nikaona nyumba ya bati jekundu na mlango wa bluu. Ni kwa shemeji Pancras. Kijito ninachokipima ndicho kinachopita chini ya shamba lao, na Tecla wetu anaishi pale. Sikulijua hilo tulipompeleka. Unakumbuka mimi ndiye niliyeng'ang'ania aende kwa mdogo wako Avelina, nikiogopa malori ya Rusumo yanayopita mbele ya shule yetu.

Usiwe na hofu. Kila mwezi maji ya kituo cha sita yanatoka safi. Nikipata Jumapili moja ya kupumzika nitakwenda kumwona mtoto.

Kuhusu kurudi, sina la kukuambia. Mkataba unasema tukae mpaka mvua za vuli zitulie, na mvua zenyewe hazijaanza vizuri.

Mumeo,
Gervasi


Kasulo
9 Novemba 2024

Baba Tecla,

Barua imefika, imekunjwa kama karatasi ya ugoro. Mama yako amesema naye anakukumbuka, na kwamba usione aibu kusema mbele ya watu.

Sisi ni wazima. Maharage ya bondeni yametoka vizuri, ya juu yameungua. Juzi lori la saruji liliangukia mtaroni pale Benako, dereva hakuumia, saruji ikanyeshewa mvua ikawa mawe. Danstan alienda kuokoa mfuko mmoja, akarudi na mgongo unaomuuma kuliko wako.

Umeandika ukurasa mzima wa mitaro na chupa, mtoto umempa mistari miwili. Halafu unaniambia nisiwe na hofu. Mimi sikuwa na hofu kabla hujaniambia. Sasa kila nikinawa mikono nawaza maji. Hiyo chupa nyeusi, dawa iliyomo ndani ni ya kutafutia nini? Kama maji ni safi kila mwezi, mbona mnayatafuta kila mwezi? Ng'ombe akishapatikana, watu hawaendi tena kumtafuta.

Nijibu swali moja tu, mengine nitasubiri. Mtoto wangu anaweza kukaa pale, au hawezi?

Mkeo,
Restituta


Kambini
14 Novemba 2024

Mama Tecla,

Mvua imekuja. Ilianza Jumanne mchana, ikapiga mpaka kipima mvua chetu kikajaa kikamwagika. Sheria ni kwamba mvua kubwa ikinyesha hatusubiri ikatike, tunakwenda wakati huohuo, kwa sababu maji yanayosema kweli ni yale ya mwanzo yanayoosha vilima. Tulitoka watatu, mimi, Mayunga mlinzi na Bi Sauda mwenyewe akiwa na buti zilizomzidi. Mitaro ilishika. Mabwawa yalijaa lakini hayakupasuka. Tulichota kila kituo mpaka cha sita, tumelowa hadi mifupa, maji mekundu kama chai ya rangi.

Bi Sauda ana kisanduku cha kupima palepale. Anadondosha dawa kwenye maji kidogo, anasubiri, anatazama rangi. Chupa kubwa zinakwenda maabara Mwanza, majibu yanachukua muda. Tulikubaliana tangu siku ya kwanza ya kazi kwamba kinachoonekana kwenye kisanduku hakisemwi nje mpaka Mwanza wajibu. Kwa hiyo sisemi.

Ila mwambie Avelina mtoto asinywe maji ya kijito kwa sasa, wala asiogee. Wachote kisima cha shule. Usiniulize kwa nini, na usiseme kwa simu ya Danstan.

Mimi sijambo. Kazi ni nyingi.

Gervasi


Kasulo
17 Novemba 2024

Baba Tecla,

Unaniambia mtoto asinywe, nisikuulize kwa nini, nimwambie Avelina, na nisitumie simu. Nimwambie kwa njia gani, kwa ndoto?

Nikampigia jana kwa simu hiyohiyo ya Danstan, nikamtoa Danstan nje na spika nikaizima. Kumbe Avelina naye alikuwa ananitafuta akiwa anaogopa. Siku iliyofuata ile mvua, Tecla alitapika tangu alipotoka shuleni mpaka jua linazama. Alisema kichwa kinazunguka, miguu haina nguvu, akalala kwenye mkeka anahema haraka. Kesho yake aliamka akaomba uji. Sasa anatembea. Lakini siku hiyohiyo ndama wa Pancras alianguka akafa, povu mdomoni. Pancras anazunguka kijiji kizima anasema mgodi umemuua ndama na ulitaka kumuua mtoto, na ameitisha mkutano.

Nikamuuliza Avelina, mtoto alikunywa maji wapi? Akasema, "Dada, mtandao unakatika." Mtandao haukuwa unakatika, Gervasi. Nilikuwa nasikia mapacha wake wanalia na kuku wanaparua.

Ninyi wawili mnajua kitu ambacho mimi sikijui. Wewe unaficha kwa ajili ya kazi, yeye sijui anaficha kwa ajili ya nini, na katikati yenu amelala mwanangu anahema. Kesho napanda basi mpaka Lusahunga, kutoka pale nitajua nifanyeje. Kama una la kusema, liandike Nyabusozi.

Restituta


Kambini
19 Novemba 2024

Mama Tecla,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Naandika haraka kwa sababu Mayunga anamaliza zamu na kwao ni Nyabusozi hukohuko. Barua hii nitaifunga kwa gundi kwa sababu Mayunga ni mtu mwema, lakini ukimwambia yeye umeuambia mnada mzima.

Chupa nyeusi inatafuta sayanaidi. Ni dawa ile waliyotumia zamani kuitoa dhahabu kwenye mawe, na ni sumu inayoua mtu. Kituo cha kwanza mpaka cha tano, rangi haikubadilika. Cha sita ilibadilika. Bi Sauda alirudia mara mbili mvua ikitupiga, nikamshikia mwavuli, na mara zote mbili ikawa pinki. Tulipofika kambini aliniambia, "Mzee Gervasi, najua una mtoto kule chini. Nipe siku chache, nisije nikatia watu hofu kwa kosa la kisanduku." Nikakubali. Siku hiyo sikujua kwamba kesho yake Tecla atatapika. Ningejua nisingekubali.

Mtoe mtoto hapo. Usisubiri mkutano wa Pancras wala majibu ya Mwanza. Mpeleke zahanati kwanza, kisha rudi naye Kasulo, bora malori ya Rusumo kuliko hili.

Utajiuliza mimi ni baba wa namna gani, niko umbali wa mtu kutembea asubuhi akafika kabla ya mchana, nimekaa naandika. Sikukuambia kwamba siku ile kwenye kituo cha sita niliteleza kwenye mawe. Mguu umevimba hauingii kwenye buti, natembelea fimbo mpaka chooni. Kilima cha simu sikiwezi. Nilimwomba Bi Sauda gari, lakini daraja la chini limebebwa na maji, anavuka mtu wa miguu tu.

Mimi ndiye niliyesema aende kwa Avelina. Hilo nalijua, huna haja ya kuniandikia.

Gervasi


Nyabusozi
21 Novemba 2024

Baba Tecla,

Kaa kwanza, usisome umesimama kwa mguu mmoja.

Mtoto ni mzima. Nililala njiani Lusahunga, nikafika hapa juzi jioni kwa bodaboda, tope mpaka magotini, nimejiandaa kumkuta amelala. Nikamkuta anaruka kamba na wenzake, anahesabu kwa sauti kubwa. Nilikaa chini palepale njiani. Dereva wa bodaboda akadhani nimeanguka.

Jana Mayunga alileta barua yako, gundi imeshikamana na karatasi nikapasua nusu ya salamu. Nilisoma neno lile nikaenda zahanati mbio, Tecla mgongoni ingawa ana miguu yake. Nesi amempima, amemtazama macho, amemwambia arukeruke. Akasema mtoto huyu hana ugonjwa wowote leo, na kama alikula au kunywa kitu kibaya amekitapika chote. Nimemuuliza kama ni maji. Akasema kwa nini wengine hawakutapika, kijiji kizima kinachota palepale. Na Tecla anasema wao nyumbani wanakunywa maji ya kisima cha shule tangu zamani. Ya kijito ni ya ng'ombe na ya kufulia.

Basi kama si maji, ni nini? Nikamwekea Avelina macho. Dada yangu mdogo yule namjua tangu anaiba sukari. Tangu nifike hakuacha kufagia. Uwanja ulikuwa safi na yeye bado anafagia.

Leo asubuhi namsuka Tecla nywele mlangoni, yeye mwenyewe akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za hewa:

"Mama, kwa nini muhogo wa hapa ni mchungu?"

Mikono yangu ilisimama. Unajua kule kwetu watoto wanachomoa muhogo shambani wanautafuna mbichi kama muwa. Ni mtamu, hakuna anayewakataza. Nikamuuliza kwa upole aliutafuna wapi. Akasema kule mashimoni kwa mama mdogo, siku ya pili ya mvua, njaa ilimshika akitoka shule. Alichukua kipande kilichomenywa, akakila, kikawa kichungu, akakila hivyohivyo kwa sababu alishakiiba na kukitupa kungekuwa dhambi mbili. Akamficha mama mdogo asije akapigwa.

Nikamwita Avelina. Ufagio ulidondoka. Tukashuka naye mpaka kijitoni, mapacha mmoja kwake mmoja kwangu, akanionyesha. Kuna mashimo kama manane kwenye ukingo, yamezibwa kwa majani ya migomba, ndani yake muhogo umevundikwa majini kwa ajili ya udaga, ule unaosagwa unga wa ugali. Harufu yake unaijua. Akaniambia yote. Tangu msitu wa mgodi uote, nguruwe pori wanashuka wanafukua muhogo mtamu wote. Kwa hiyo wanawake wa hapa wameacha mtamu, wamepanda ule mchungu ambao nguruwe hagusi. Mchungu hauliwi bila kuvundikwa siku kadhaa, na kuvundika kunataka maji mengi, na maji ya kisima yana zamu. Wakaenda kijitoni. Mvua ile ilipokuja kijito kilipanda kikayasomba maji ya mashimo yote. Yalipopungua ndama akashuka, akanywa maji yaliyobaki shimoni, akafia palepale juu. Avelina alimwona. Alimburuta na jirani yake mpaka malishoni kabla Pancras hajarudi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema, watu wakajua. Akanitazama kama mimi ndiye mtoto.

"Dada, nani katibu wa kamati ya maji? Nani aliandika kibao cha marufuku kuvundika muhogo mtoni na kukigongomea pale kwenye mti kwa misumari yake mwenyewe?"

Ni Pancras. Kibao nimekiona. Kiko hatua chache juu ya mashimo ya mkewe.

"Akijua," anasema, "kosa la ndama ni langu, aibu ni yangu, na faini atajitoza mwenyewe hadharani ili watu waone haki. Nimwache apigane na mgodi. Mgodi hauna mke."

Nilicheka, Gervasi. Nilisimama pale nimembeba mtoto wa watu, nikacheka mpaka machozi, na yeye akaanza kucheka, kisha akalia kweli, kwa sababu alijua Tecla angeweza kufa na yeye alidhani ni maji tu, kama watu wengine walivyodhani. Habari ya kipande kile hakuijua mpaka leo. Amempa Tecla yai zima, amemwomba msamaha kama mtu mzima.

Kwa hiyo mtoto hakuugua kwa maji yako. Lakini ile rangi yako ya pinki bado inanikaa rohoni. Kama mgodi unatoa sumu, leo ni muhogo, kesho itakuwa maji. Namweka Tecla mbali na kijito mpaka uniambie neno la mwisho. Jumamosi ni mkutano. Pancras ameandika hotuba, anaisomea mbuzi.

Mguu uweke juu ya kitu, usiuninginize. Na usinifiche tena.

Restituta


Kambini
8 Desemba 2024

Mama Tecla,

Mkutano ulisogezwa, wewe ukaondoka kabla haujafanyika, na Pancras najua hajakusimulia vizuri. Nitakusimulia mimi kwa utaratibu, kwa sababu leo nina muda na nina amani.

Barua yako ilipofika nilikwenda nayo kwa Bi Sauda nikichechemea. Sikwenda kumwonyesha ujuzi. Nilikwenda kuungama kwamba nimekuandikia siri ya kisanduku, kwa kuwa tayari umeshakwenda na zahanati imeshajua. Akasema, "Hata mimi ningekuwa na mtoto kule ningeandika." Nikaona nimsomee barua ili ajue Tecla ni mzima. Nilipofika pale kwenye mashimo na mvua iliyoyasomba, akainua mkono.

"Rudia hapo, mzee wangu."

Nikarudia. Akaniuliza mashimo yako juu ya nguzo yetu au chini yake. Nikamwambia kwa jinsi ulivyoeleza ni juu kidogo, ng'ambo ya kona. Akasimama, akakaa, akashika kichwa. Ndipo akanieleza. Muhogo mchungu una sumu ileile, Mama Tecla. Sayanaidi. Mungu ameiweka humo ili nguruwe asiule. Ukiuvundika sumu inatoka inaingia kwenye maji, ndiyo maana udaga unalika na maji yake hayanyweki. Alisema alisoma hayo chuoni, lakini mwenyewe ni mtoto wa mjini, kwao walikula wali na ugali wa dukani, hajawahi kuona mtu anavundika muhogo kando ya mto kwa wingi huo. Na mimi niliyeona udaga tangu kuzaliwa sikujua jina la kinachouma ndani yake. Siku nyingi tulitafuta mgodini kitu kilichokuwa shambani.

Lakini hakuishia kufurahi. Alisema dhana si majibu. Tulisubiri maji yapungue, tukavuka daraja la magogo. Mguu uliniuma ila ningekataliwa kwenda ningelia. Tulichota juu ya mashimo, rangi haikubadilika. Tukachota shimoni kwenyewe, ikawa nyekundu kabla hatujamaliza kuhesabu. Tukachota chini ya mashimo kwenye nguzo ya sita, pinki kidogo sana. Chupa zikaenda Mwanza pamoja na zile za mvua. Majibu yamekuja Ijumaa. Kutoka mgodini mpaka kituo cha tano hakuna kitu. Juu ya mashimo hakuna kitu. Sumu iko mashimoni na kidogo chini yake, basi. Bi Sauda alinisomea mwenyewe, kisha akatoka nje akanunua soda kwa Mayunga, anayeziuza getini, moja kwangu moja kwake, tukanywa.

Mkutano ulikuwa jana. Bi Sauda alinipa kiti mbele kwa sababu ya mguu, kwa hiyo niliona yote. Pancras alisoma hotuba. Ilikuwa nzuri, ilikuwa na ndama, serikali na vizazi vijavyo. Bi Sauda akamsikiliza mpaka mwisho, akampa pole ya ndama kwa heshima, halafu akaeleza habari ya muhogo mchungu polepole, bila kutaja jina la mtu. Wanawake wote wakatazama chini, kila mmoja vidole vyake. Ndipo nikajua kwamba mashimo manane yale si ya Avelina peke yake. Nusu ya kata inavundika pale.

Pancras akasimama, uso umebadilika, akauliza ni nani anayevundika muhogo mtoni wakati kibao kipo. Kisha bibi mmoja, Mama Consolatha, mama wa yule jirani wa Avelina, akasema kutoka nyuma bila hata kuinuka:

"Pancras mwanangu, huo ugali unaokula kila siku, unafikiri unavundikwa mbinguni?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akafunika mdomo kwa faili. Pancras alibaki amesimama na hotuba yake. Alimtazama Avelina, Avelina akamtazama. Nilidhani atalipuka. Akasema, "Basi na mimi nimekula," akakaa chini. Baada ya hapo maneno yakawa ya watu, si ya ugomvi. Wamekubaliana mashimo yahamishwe juu, mbali na kijito, yazungushiwe miiba ili ndama na watoto wasifike, na maji yake yamwagwe kwenye ardhi kavu yenye jua, ambako Bi Sauda anasema sumu inapotea upesi. Kamati itawapa wanawake zamu yao kisimani kwa ajili hiyo, siku mbili kila wiki. Mtu mmoja aliomba mapipa matupu ya mgodi ya kuvundikia. Bi Sauda alisema hapana kabla mtu huyo hajamaliza sentensi. Na walimu watawaambia watoto wa wageni kwamba muhogo wa hapa hautafunwi. Hilo la mwisho nililisema mimi. Ni mara yangu ya kwanza kusema kwenye mkutano. Nilisimama kwa fimbo mpaka nikamaliza.

Leo asubuhi, kabla sijaondoka Nyabusozi, Avelina alinifuata akaniambia Pancras hajamwongelesha tangu mkutano, ila usiku amekula ugali wote na ameomba wa kuongeza.

Tecla nimemwona. Amerefuka. Alinishika mkono wa fimbo akaniuliza kama mguu wangu utakatwa, nikamwambia hapana, akaonekana amesikitika kidogo. Nilitaka aondoke na wewe siku ile, nikakuandikia kwa ukali, na ulifanya vizuri kutonitii na kumwachia mitihani yake. Sasa shule imefungwa. Jana alilala kwenye mapaja yangu mkutano ukiendelea, mdomo wazi, anahema taratibu. Nilihesabu pumzi zake badala ya kusikiliza mwenyekiti. Miezi minane sijapata kazi nyepesi kama ile.

Mvua zinaanza kutulia. Bi Sauda ameniongezea siku chache za kuziba mmomonyoko kwenye mtaro wa tatu, kazi ya kukaa, ya kupanga mawe madogo. Ikiisha mkataba umeisha. Amesema mwezi wa pili watahitaji watu tena kwa ajili ya masika, na nikitaka nirudi. Nimemwambia nitakuuliza wewe.

Nitapitia Nyabusozi Ijumaa tarehe 20 kumchukua mtoto. Jumamosi tarehe 21 Desemba tutapanda basi la asubuhi pale Lusahunga, na mchana tutashuka Benako wawili.

Mumeo,
Gervasi